Mhitimu Hakukosa Majibu

Imeenea katika nchi yetu ya chai, tangu Kericho mjini hadi Litein, na tangu Sotik hadi Bomet na Silibwet, kauli moja ambayo kwa kurudiwa mara nyingi imepata heshima isiyoistahili: ya kwamba kijana aliyehitimu chuo kikuu hapati kazi kwa sababu hajui kujibu maswali ya usaili. Husemwa makanisani siku ya kuwaombea wahitimu, husemwa na wakuu wa idara za wafanyakazi wanapoalikwa vyuoni, husemwa na wazazi waliouza ng'ombe ili kulipa karo na ambao sasa wanatafuta mahali pa kuiweka lawama. Na zaidi ya wote husemwa na wale walioifanya kuwa biashara, wanaoandaa semina za Jumamosi ambamo kijana hufundishwa, kwa ada, namna ya kuketi, namna ya kutabasamu, na maneno ya kutamka atakapoulizwa yeye ni nani, udhaifu wake ni upi, anajiona wapi baada ya miaka 5, na kwa nini aajiriwe yeye na si wenziwe wanaongoja nje. Mimi naikana kauli hii. Mhitimu wetu hakukosa majibu. Ameulizwa maswali yasiyo na jibu la kweli, akafundishwa kuyajibu kwa uongo wenye adabu, na mwajiri akainuka katika mazungumzo hayo bila kulijua hata jambo moja alilohitaji kulijua.

Tuanze na lililo jepesi, ambalo nitalipita upesi kwa kuwa kila mwenye akili timamu analiona. Nafasi ya karani ikitangazwa katika kiwanda kimoja na wakajitokeza vijana 200, hata wote wakijibu kwa ufasaha wa malaika ataajiriwa 1, na 199 watarudi makwao. Na Jumamosi itakayofuata mwalimu wa semina atawaambia hao 199 kwamba hawakujua kujibu. Chuo Kikuu cha Kabianga kilipata hati yake mwaka 2013, Chuo Kikuu Kishiriki cha Bomet kikaanzishwa mwaka 2017 chini ya Chuo Kikuu cha Moi, na kila mwaka vyote viwili huwatoa wahitimu katika kaunti ambamo mashamba makubwa ya chai yamekuwa yakipunguza mikono badala ya kuiongeza, hata Mei 2023 hasira juu ya mashine za kuchuna majani ikafikia kiasi cha baadhi ya mashine hizo kuteketezwa kwa moto huko Kericho na roho ya mtu kupotea. Ama aliyesomea ualimu, ambaye mlango wake ni Tume ya Huduma ya Walimu, yeye hukuta kwamba miongozo ya tume hiyo imekuwa ikigawa alama kwa daraja la cheti chake na kwa miaka aliyongoja tangu kuhitimu, mambo mawili ambayo hakuna tabasamu liwezalo kuyabadilisha siku ya usaili. Na ya kujuana sitayataja, kwa kuwa msomaji anayajua kuliko mimi.

Lakini najua kwamba hoja ya uchache wa kazi haitamtosha mpinzani wangu, maana atasema: sawa, kazi ni chache, na hizo chache huwaendea wanaojua kujibu. Hapo ndipo ninapotaka kukaa naye kitako.

Tulichukue swali la kwanza, lile la "tueleze kuhusu wewe". Tumfikirie binti aliyezaliwa Mogogosiek na akasomea uhasibu. Tangu utotoni ameamka alfajiri ilhali umande haujakauka, akachuna majani mawili na kichipukizi, akabeba kikapu hadi kituo cha kupimia, na akasimama kando ya mizani ahakikishe kwamba uzito uliosomwa ndio uzito ulioandikwa. Mama yake, ambaye hakubahatika kwenda shule, humpa karatasi ya malipo ya kila mwezi amsomee. Naye huyatazama makato ya mbolea, huyalinganisha na magunia yaliyoletwa kweli, na palipo na hitilafu huinuka akaenda kuuliza. Bonasi inapotangazwa, majirani humjia awaeleze kwa nini kilo moja ya majani ya upande huu wa Bonde la Ufa hulipwa chini ya kilo ya wenzetu wa upande wa Mlima Kenya, naye huwaeleza habari za bei za mnadani, gharama za kiwanda na madeni, mpaka mzee aliyekuja kwa ghadhabu anaondoka akiwa bado ana ghadhabu lakini sasa ana ilimu pia. Binti huyu alikuwa mhasibu kabla ya kuingia chuoni. Muulizeni sasa, mbele ya jopo la watu 5 waliovaa tai, aeleze yeye ni nani; naye, kwa kuwa ameilipia semina, atasema ni mtu mwenye bidii, mwenye kujituma, awezaye kushirikiana na wenzake na kustahimili shinikizo. Hatataja mizani, hatataja makato, hatamtaja mama. Alikwisha kuonywa kwamba mambo ya shambani humshusha mtu hadhi, na kwamba jopo halina haja ya historia ya kijiji chake. Na hivyo lile moja ambalo lingalimtenga na wenziwe 199 amelizika kwa mikono yake mwenyewe, kwa ushauri alioununua.

Wala tusiyasahau malezi. Wahenga wa pwani walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na wazee wa Kipsigis, ingawa hawakuisema methali hiyo, waliwalea watoto kwa maana yake: kijana mbele ya kokwet, yaani baraza la kijiji, husikiliza, huulizwa, hujibu kwa ufupi, na sifa zake husemwa na wengine kwa yale waliyomwona akiyatenda. Mtu aliyelelewa hivyo kwa miaka 22 huitwa ofisini siku moja akaamriwa ajitembeze, na anapoinamisha macho na kusita, jopo huandika kwamba hana imani na nafsi yake. Alilolifanya ni adabu, nao wameliandika kuwa kasoro.

Swali la udhaifu ni la mzaha, nami sitalipa maneno mengi. Jibu linalofundishwa ni kwamba udhaifu wangu ni kupenda mno kazi ikamilike; msailiwa anajua kuwa ni uongo, msaili anajua kuwa ni uongo, na aghalabu msaili mwenyewe aliingia kazini kwa uongo huohuo. Kisha kijana akitoka hapo hudaiwa cheti cha Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi cha kuthibitisha uadilifu wake.

Lakini swali linalonichoma zaidi, na ambalo nastaajabu kwamba bado lina watu wa kuliuliza katika vilima hivi, ni lile la miaka 5. Unajiona wapi baada ya miaka 5? Huulizwa kijana wa miaka 23 asiye na nauli ya kumrudisha Kapkatet, na huulizwa na nani? Tuitazame tarehe ya mashamba yetu. Yale yaliyokuwa ya Brooke Bond, kampuni iliyopanda miche yake Kericho katika miaka ya 1920, yaliangukia mikononi mwa Unilever mwaka 1984, na kwa miaka mingi mtu angaliweza kudhani kwamba yatakaa humo milele. Mwaka 2022 Unilever ikaiuza biashara yake ya chai kwa CVC, ambayo ni nyumba ya mitaji. Na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba mashamba hayo yatauzwa kwa Browns ya Sri Lanka, ambayo mwaka mmoja nyuma ilikuwa imekwisha kununua mashamba ya jirani ya James Finlay. Wenye mali, walio na mawakili, wahasibu na mabenki nyuma yao, hawakujua mwaka 2019 kwamba watakuwa wapi mwaka 2024; mameneja walilala wakiwa watumishi wa kampuni moja wakaamka wakiwa watumishi wa nyingine; na katika hali hii tunataka mtoto wa mchuna majani abashiri mustakabali wake kwa ufasaha, na akishindwa tuseme hana dira. Jibu la haki, kama haki ingaliruhusiwa mle chumbani, lingalikuwa kumrudishia msaili swali lake: na nyinyi, mabwana, mnajiona wapi?

Na swali la mshahara lina dhuluma ya namna nyingine. Mchuna majani katika mashamba makubwa haulizwi anatarajia kiasi gani, kwa kuwa chama chake cha wafanyakazi wa mashamba hukaa mezani na waajiri, wakabishana, wakatiliana sahihi mkataba wa pamoja, na ujira wa kilo ukawa umeandikwa mahali ambapo kila mtu aweza kuusoma. Mhitimu, ambaye hana chama wala mkataba wala habari za wanavyolipwa walio ndani, huulizwa peke yake ataje kiasi. Akitaja kikubwa hufukuzwa kwa tamaa, akitaja kidogo huajiriwa kwa kidogo. Naona ni vigumu kuamini kwamba tiba ya jambo hili ni kumfundisha namna ya kutabasamu anapolijibu.

Labda mpinzani wangu atasema kwamba ulimwengu mzima huajiri hivi, nasi si watu wa kuusahihisha ulimwengu. Basi tuusikilize huo ulimwengu. Mwaka 1921 Thomas Edison, mvumbuzi wa Marekani, alilalamika kwamba wahitimu wa vyuo wanaomjia kuomba kazi ni wajinga wa kutisha, akawatungia mtihani wa maswali mengi mno ya maarifa ya kila namna. Orodha hiyo ilipovuja magazetini, na Albert Einstein akiwa ziarani Boston akaulizwa swali lake moja, la kasi ya sauti, alijibu kwamba hajitwishi kichwani mambo yanayopatikana kwa urahisi vitabuni. Kwa kipimo cha Edison, Einstein hakustahili ajira. Tena mwaka 1979 chuo cha tiba cha Houston, katika jimbo la Texas, kilikuwa kimekwisha kuchagua wanafunzi wake 150 kwa kuwahoji mmoja mmoja, ndipo watunga sheria wa jimbo wakakitaka kiongeze 50, na hao 50 ikabidi watolewe katika wale ambao usaili ulikuwa umewaweka chini. Walimu walipoyafuatilia makundi hayo mawili darasani na hospitalini hawakuona tofauti. Waliokataliwa na usaili walikuwa madaktari sawasawa na waliopendwa nao. Na Frank Schmidt na John Hunter, waliokusanya mwaka 1998 matokeo ya utafiti wa miaka 85 juu ya namna za kuchagua watu kazini, walikuta kwamba mazungumzo yasiyo na mpango hubashiri kazi vibaya kuliko usaili ambao kila mtu huulizwa maswali yaleyale yanayohusu kazi yenyewe, na kuliko kumpa mtu kipande cha kazi akifanye. Paul Sackett na wenzake walizihakiki hesabu hizo mwaka 2022 wakazipunguza nyingi, lakini usaili wenye utaratibu wakauacha mbele ya mazungumzo matupu. Huo ndio ulimwengu tunaoambiwa tuuige.

Na kwa nini twende mbali, ilhali chai yetu wenyewe ina darasa? Chai ya kiwanda cha Momul au cha Kapkoros ikifika Mombasa, ambako mnada umekuwako tangu ulipohamishwa kutoka Nairobi mwaka 1969, mwonjaji huichota kwa kijiko, huivuta kwa kishindo, huizungusha kinywani, huitema, akataja bei. Haiambii ijisifu, wala haiulizi inajionaje baada ya miaka 5. Watu hawahawa, ambao hawangenunua kilo moja ya chai kwa kusikia maelezo yake, humnunua mtu kwa maelezo yake, na anapowaangusha baada ya miezi 3 husema vijana wa siku hizi hawafai.

Kumwonja mtu si jambo la muhali. Anayetafutwa kuwa karani wa kituo na apewe ukurasa wa uzito wa majani wa siku moja, wenye makosa mawili yaliyofichwa, aambiwe ayatafute. Anayeomba kusimamia uzalishaji na apelekwe kwenye vitanda vya kunyaushia, ashike majani, aseme kama yako tayari kukatwa au bado. Anayeomba kuwa afisa wa ugani na achukuliwe hadi shamba la mkulima yeyote wa karibu, amweleze mwenye shamba kwa nini kuchelewesha mzunguko wa kuchuna kumemharibia majani. Na hilo alieleze kwa lugha ambayo mkulima ataielewa, yaani Kipsigis au Kiswahili, maana ni jambo la ajabu lililozoeleka mno kwamba mtu ambaye atafanya kazi yake yote kwa Kipsigis husailiwa kwa Kiingereza, akakosa kazi kwa kukosea vitenzi vya lugha ambayo hakuna mkulima hata mmoja atakayemsemesha kwayo. Kipimo cha namna hii huchukua saa moja na hakihitaji mtaalamu kutoka Nairobi.

Kuna jambo jingine katika mafundisho ya semina ambalo si la mzaha hata kidogo. Kijana huambiwa: usimpinge msaili, kubali kila analolisema, onyesha kwamba uko tayari kwa lolote. Februari 2023 BBC ilitoa filamu ya uchunguzi ambamo wanawake zaidi ya 70 walisema wamedhulumiwa kingono na wakubwa wao katika mashamba ya chai yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na kampuni mbili za Uingereza, na mwandishi wa kike aliyejifanya mwombaji kazi aliitwa kwenye usaili, usaili wenyewe ukawa ni chumba cha hoteli. Nchi iliyoyaona hayo haina udhuru wa kuendelea kuwafundisha mabinti kwamba sifa ya kwanza ya mwombaji kazi ni utayari wa kukubali. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 5, inamlinda hata yule ambaye bado hajaajiriwa asibaguliwe kwa jinsia yake, kabila lake, dini yake, ulemavu wake wala ujauzito wake. Swali la "utaolewa lini" au "una mpango wa kuzaa" haliko katika haki ya mtu yeyote mwenye tai. Sijapata kusikia semina inayofundisha kukataa swali. Ingalikuwapo, ningalilipa ada yake.

Sasa nimpe mpinzani wangu haki yake, maana hakukosea yote. Wapo vijana wanaofika wakiwa hawajui kiwanda wanachokiomba kazi kinauza nini wala ni mali ya nani. Wapo wanaochelewa, wanaobishana na bawabu, wanaoleta barua iliyoandikiwa kampuni nyingine na kusahau kulibadilisha jina. Hawa wana taksiri yao nami siwatetei. Kujua habari za kazi unayoiomba ni wajibu, na kuutayarisha ulimi usitetemeke si dhambi. Lakini kujiandaa ni jambo moja, kukariri majibu ya mtu mwingine ni jambo la pili, na semina zimeuza la pili kwa jina la la kwanza.

Na kwa kuwa najua maswali haya hayatatoweka kesho, namwambia kijana atakayeitwa wiki ijayo ayajibu yote kwa kazi aliyokwisha kuifanya. Ukiulizwa wewe ni nani, taja mizani na karatasi ya mama. Ukiulizwa udhaifu wako, taja jambo moja la kweli usilolijua katika kazi hiyo, na useme unavyojifunza jambo hilo. Ukiulizwa uzoefu, usiseme huna. Aliyekuwa mtunza hazina wa vijana wa kanisa na akazitoa hesabu zake hadharani bila kuzomewa ana uzoefu ambao wakurugenzi wengi hawana. Na ukiulizwa habari za miaka 5, sema unachotaka kuwa umekijua kufikia wakati huo, kwani cheo ni chao kukupa au kukunyima, bali maarifa ni yako. Sikuahidi kwamba utaajiriwa. Waweza kunyimwa kazi kwa kusema kweli, kama wengi wanavyonyimwa kwa kukariri.

Lakini neno langu la mwisho si kwa kijana, ni kwa mkulima anayesoma makala haya baada ya kupeleka majani. Kampuni 54 za viwanda zilizo chini ya Shirika la Maendeleo ya Chai ni mali ya wakulima wadogo zaidi ya 600,000; Litein ni yenu, Tegat ni yenu, Tirgaga na Rorok ni yenu, na wakurugenzi wake huketi pale kwa kura zenu. Mkutano mkuu wa mwaka utakapoitishwa, baada ya kuuliza habari za bonasi kama ilivyo desturi, mmoja wenu na ainuke aulize watu wa mwisho walioajiriwa kiwandani walipewa kazi gani waifanye kabla ya kuajiriwa, nani aliwapima, na alama zao ziko wapi. Na msikubali kujibiwa kwamba walijieleza vizuri.